Ukitundika daluga, usikimbilie ukocha mkuu

Wachezaji wanaokaribia kustaafu huniuliza swali lilelile: timu gani inatafuta kocha? Huwa nawajibu kwa kumtaja Hajime Moriyasu, kocha wa timu ya taifa ya Japani. Wengi wanamjua kwa Kombe la Dunia la Qatar 2022 tu, alipozifunga Ujerumani na Hispania. Mimi nawaomba waiangalie miaka minane ambayo karibu hakuna aliyekuwa akimzungumzia.

Moriyasu alikuwa kiungo mkabaji. Mwaka 1987 alijiunga na timu ya kampuni ya magari ya Mazda mjini Hiroshima, wakati Japani haina hata ligi ya kulipwa, J.League ilipoanza 1993 timu hiyo ilikuwa imeshakuwa Sanfrecce Hiroshima. Alichezea taifa mechi 35, akachukua Kombe la Asia 1992, lakini Kombe la Dunia hakuwahi kulicheza. Oktoba 28, 1993 alikuwa uwanjani Doha, Japani inaongoza 2-1 dhidi ya Iraq, mpira umeshaingia dakika za nyongeza. Kona fupi, krosi, kichwa, 2-2. Safari ya Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani ikafia pale.

Alistaafu mwanzoni mwa 2004. Ukocha mkuu aliupata 2012. Katikati hapo alifundisha vijana, akawa msaidizi Hiroshima, kisha akaenda Albirex Niigata, nako kuwa msaidizi. Bingwa wa Asia huyo.

Mimi pia nilicheza kiungo, ligi za chini, na nilipoacha nilianza kama msaidizi wa timu ya vijana. Hakuna shule iliyonifaa kama ile. Macho ya kocha mkuu yanavutwa na mpira, matokeo na mwamuzi. Msaidizi anapata nafasi ya kumtazama beki wa kulia wakati mpira uko kushoto kabisa: amesimama wapi, anageuza shingo au amelala? Anamwona winga anavyoanza kurudi kwa kutembea kipindi cha pili. Tena wachezaji humfungukia msaidizi mambo ambayo kocha mkuu hatayasikia: nani amekuja mazoezini hajala, nani goti linamuuma na anaficha asipoteze namba. Ukiruka hatua hii, utapanga kikosi cha watu usiowajua.

Nunua na daftari dogo la kuingia mfukoni. Moriyasu anajulikana kwa kuandika pembeni ya uwanja hata mechi ikiwa imechemka. Usiandike "tunacheza vibaya", hiyo haimsaidii mtu. Andika hivi: "dk 23, namba 8 wao anapokea na kugeuka bila kusumbuliwa, mara ya tatu." Wakati wa mapumziko chagua mambo mawili tu kutoka humo. Zaidi ya hapo kijana aliyechoka habebi.

Itazame tena mechi ya Ujerumani kwa jicho hilo. Kipindi cha kwanza Japani walizidiwa, Gündogan akafunga penalti. Mapumziko Moriyasu akamtoa Kubo, mshambuliaji, akamwingiza Tomiyasu, beki, na ukuta ukawa wa mabeki watatu. Anafungwa, anaongeza beki! Lakini sasa mabeki wa pembeni wakapata ruhusa ya kupanda, na Ujerumani wakakosa zile nafasi walizokuwa wakizichezea. Kisha akaingiza washambuliaji mmoja baada ya mwingine. Doan akasawazisha dakika ya 75, Asano akafunga la ushindi dakika ya 83, wote wametoka benchi, na wote wawili walikuwa wakicheza Ujerumani. Naipenda sana mechi hii, na kila kocha kijana ninayekaa naye lazima aiangalie.

Lingine: ukikabidhiwa timu, usibomoe ulichokikuta ili tu ionekane ni ya kwako. Moriyasu alipopewa Sanfrecce 2012 aliendelea na mfumo wa mabeki watatu aliouacha kocha aliyemtangulia, Mihailo Petrović, akakazania ulinzi. Msimu huohuo klabu ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa J.League, ikarudia 2013 na 2015.

Julai 2017 mambo yalikuwa mabaya, Sanfrecce ikiwa eneo la kushuka daraja, naye akaondoka. Oktoba shirikisho likampa vijana wa kuandaliwa kwa Olimpiki ya Tokyo, na Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi akakaa benchi kama msaidizi wa kocha mkuu wa Japani, Akira Nishino. Mwenye mataji matatu ya ligi alikubali tena kuwa mtu wa pili. Michuano ilipokwisha, Julai hiyohiyo, timu ya taifa ikawa yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipigiwa simu kuombwa uwe msaidizi wa timu ya vijana kwa posho ya nauli tu, usione umedharauliwa. Uliza kwanza mambo mawili: utaachiwa sehemu ya mazoezi uiendeshe mwenyewe? Na kocha mkuu ni mtu wa kukueleza kwa nini amemtoa huyu akamwingiza yule? Ukijibiwa ndiyo kwa yote mawili, kesho asubuhi uwe uwanjani kabla ya wachezaji.