Sabufa kwenye Fielder, na viazi navyo vipate nafasi

Swali

Jambo fundi. Mimi niko Himbi, hapa Goma. Nina Toyota Fielder. Redio nilishabadilisha, iko ile ya skrini, lakini spika za milango ni zile zile ilizokuja nazo kutoka Japani. Napenda rumba na seben, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanachangamka, na besi siisikii kabisa. Nilishuka sokoni Birere na dola 250. Duka moja wananipa boksi lenye sabufa (spika za besi) mbili za inchi 12 pamoja na ampli iliyoandikwa wati 3000. Jirani yangu ananiambia nichukue ile nyembamba ya inchi 8 inayoingia chini ya kiti. Shida ni kwamba kila Jumamosi bibi yangu anapakia viazi kwenye kofre, kule nyuma kwa mizigo, siku zingine makala ya kupikia. Tena rafiki yangu mwenye boksi kama hilo, taa za gari yake zinafifia kila besi ikipiga. Nichukue gani? Aksanti sana.

Jibu

Kaka, lile boksi la inchi 12 mbili liache Birere. Siyo baya, ila si la gari lako wala la Jumamosi yako. Sabufa mbili za ukubwa huo zinataka lita 50 au 60 za hewa hata boksi likiwa limezibwa bila tundu, na maboksi mengi ya dukani yana tundu, kwa hiyo yanakula nafasi zaidi. Utabaki na kofre ya kuwekea mwavuli.

Hizo wati 3000 nazo tuziangalie, maana ndizo zinazouza. Geuza ampli upande wa waya, utaona fizibu za rangi zimechomekwa. Soma namba yake. Nimeshika mkononi ampli ya "3000" yenye fizibu moja ya ampea 30. Gari likiwaka linatoa volti 13.8 hivi, 30 mara 13.8 ni wati 414 zinazoingia, na ampli za aina ya AB zinapoteza karibu nusu kuwa joto. Zinazofika kwenye spika ni 200 na kitu. Ampli ile ingevuta umeme wa wati 3000 kweli, fizibu ingeungua kabla kibao cha kwanza hakijafika kwenye seben. Kwa hiyo ukiwa dukani, namba kubwa ya kwenye katoni iache, tafuta wati za RMS, yaani zile ambazo ampli inaweza kuzitoa mfululizo bila kuchoka. Kama RMS haijaandikwa popote, fizibu itakuambia.

Ningekuwa mimi, ningechukua sabufa moja ya inchi 10, boksi lililozibwa la lita 20 hivi, na ampli ya chaneli moja ya aina ya D, isiyopoteza sana kwa joto, yenye wati 300 za RMS kwenye omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Basi.

Najua inasikika kidogo. Lakini Fielder haina ukuta kati ya kofre na viti, besi inazaliwa ndani ya chumba kimoja na masikio yako. Na chumba kidogo kilichofungwa kina tabia yake: kadiri sauti inavyoshuka chini, ndivyo gari lenyewe linavyoiongezea nguvu. Boksi lililozibwa linafanya kinyume, linapungua taratibu kadiri sauti inavyoshuka. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka, vinakutana njiani. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zile zile, sikatai, ila chini ya sauti ambayo tundu lake limepimiwa linaanguka ghafla, na koni, ule uso wa spika unaotikisika, inabaki inarukaruka bila hewa ya kuishika. Anayetaka kutikisa madirisha ya barabara nzima achukue la tundu. Wewe unasikiliza rumba. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, inchi 10 inafika huko bila jasho, na mpiga besi wa seben hakai kwenye noti moja. Unataka besi inayonyamaza pale anapoinua kidole, siyo inayoendelea kuvuma hadi noti ya pili.

Wati nazo zinadanganya kwa njia nyingine: ukizizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti. Kutoka 300 kwenda 600 utaisikia tofauti, ndiyo, ila haitakuwa besi mara mbili, na waya, batri na alteneta vyote vitakudai.

(Ungekuwa na Premio au Carina ningesema mengine. Kofre ya gari la namna hiyo imefungiwa peke yake nyuma ya kiti, na besi inabidi ipenye kwenye mito na kwenye ubao wa nyuma kabla haijakufikia.)

Ya jirani yako, ile ya chini ya kiti, siyo ujinga. Ina ampli ndani, ina waya chache, na kofre inabaki yote. Ila koni ya inchi 8 ndani ya kijiboksi chembamba cha sentimita 7 au 8 inajaza sauti tu, haishuki kweli. Kama makala ingekuwa kila siku ningekuambia uichukue. Kwa Jumamosi tu, afadhali boksi linalotoka.

Linatokaje? Ampli unaifunga chini ya kiti cha abiria, juu ya kipande cha triplex (plaiwudi) kilichoinuka sentimita 2, ili maji ya miguu ya msimu wa mvua yasiifikie na hewa ipite chini yake. Kutoka hapo zinakwenda nyuma waya mbili tu za spika, zenye plagi nene mwishoni. Jumamosi unachomoa plagi, unafungua mkanda, unaliacha boksi sebuleni.

Boksi mpe seremala. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzuri kwa sauti, lakini ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai, na wewe unapakia magunia yenye udongo mbichi. Chukua triplex ya milimita 18. Vipimo vya nje: upana sentimita 40, kimo 32, kina 24. Toa unene wa ubao pande zote, ndani unabaki na 36.4 kwa 28.4 kwa 20.4, ambazo ni lita 21. Mwili wa sabufa wenyewe unakula moja na nusu hivi. Lakini nunua sabufa kwanza ndipo umwite seremala, maana kila sabufa ina karatasi inayosema inataka lita ngapi na sumaku yake ina kina gani. Ikisema 15 au 25, fuata karatasi, siyo mimi. Gundi kila kiungo, skrubu, kisha silikoni ndani kwenye kona zote. Likishakauka na sabufa imefungwa, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, uachie. Ikirudi polepole, limeziba. Ikiruka mara moja, kuna mahali upepo unatoka, rudisha kwa seremala kabla hujamlipa.

Jumla litakuwa na kilo 12 au 13. Kwa barabara zetu za mawe ya volkano, kilo 13 zisizofungwa zitafika kwenye kisogo cha mtoto siku utakayokanyaga breki kwa ghafla. Lifunge kwa mkanda wa mizigo, ukiukazia kwenye vyuma vya sakafu ya kofre au kwenye kiti. Liweke kona moja, mdomo uelekee mlango wa nyuma, na mbele ya koni weka wavu wa chuma. Pia hakikisha linatoka bila kuhangaika siku unapolitafuta gurudumu la akiba chini ya sakafu. Zipo sabufa za mviringo zinazotengenezwa zikae ndani ya gurudumu la akiba lenyewe. Ulaya sawa. Mtu anayeenda Sake na kurudi ananielewa.

Ukiamua kununua sabufa ya okazi, iliyokwisha tumika, jambo ambalo kwa dola 250 silikatazi, nenda na multimeta. Sukuma koni kwa mikono miwili pande zote sawasawa: ukisikia inakwaruza, koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, iache. Nusa katikati yake, harufu ya kuungua haifi haraka. Kisha pima koili: ya omu 4 inasoma kati ya 3 na 4. Ikisoma 0.5, au isiposoma kitu, hata wakikupa bure usiipakie. Tafuta yenye koili mbili za omu 4. Ukiziunga sambamba zinakuwa omu 2, ndiyo ampli yetu inataka. Ukiziunga kwa kufuatana zinakuwa 8, na ampli ile ile itatoa kama robo tu ya nguvu yake. Nimeona watu wanalaumu sabufa kwa kosa hilo.

Sasa waya, na hapa naomba usibane pesa. Kama bajeti inakataa, punguza ukubwa wa sabufa, usipunguze waya.

Niliitwa Katindo kuangalia gari lililokuwa linanuka plastiki. Aliyeifunga ile ampli alikuwa ameweka fizibu, lakini kule nyuma, karibu na ampli. Mbele, waya mwekundu ulitoka kwenye batri ukapita kwenye tundu la ukuta wa injini, chuma kitupu, bila mpira. Miezi michache ya mawe na mashimo, chuma kikaunyoa waya hadi ndani. Pale unapogusana na bodi, batri inamwaga mamia ya ampea na hakuna wa kuisimamisha. Zulia lilikuwa limeshakuwa jeusi. Fizibu inalinda waya, siyo ampli, kwa hiyo inakaa karibu na batri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo. Kwa wati 300 ampli itavuta ampea 27 au 28 besi ikiwa kali. Weka ya ampea 40. Na kwenye tundu la ukuta, mpira.

Nilipokata kile kipande kilichoungua nilikikwaruza kwa wembe. Juu ni shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Ndivyo zilivyo seti nyingi za waya za bei rahisi, ganda nene la plastiki na waya mwembamba katikati. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba kwa unene ule ule. Nenda dukani na wembe mfukoni, omba kukwaruza ncha. Muuzaji akikataa, umeshajua. Kwa umbali wa mita 5 mpaka kwenye ampli, shaba tupu ya milimita 10 za mraba inatosha, ya 16 ni raha. Na kuna siri ndogo: kebo ya mafundi wa kuchomea vyuma ni shaba ya nyuzi nyembamba, laini, yenye ganda gumu. Tafuta mita unazohitaji kwao au mahali wanaponunulia.

Waya wa masi, ule unaotoka kwenye ampli kwenda kwenye bodi ya gari, uwe na unene ule ule na usizidi nusu mita. Kwangua rangi ya bodi hadi chuma kiwe cheupe, funga kwa bolti na pete, kisha paka grisi juu. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano inakula mabati ya nyumba zetu. Bolti iliyokwanguliwa rangi haitaihurumia.

Taa za rafiki yako: duka litamuuzia kondensa kubwa, ile silinda ya kuhifadhi umeme yenye namba zinazowaka. Asinunue. Ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 13.8 hadi 12.8, inatoa jouli 13 hivi. Ampli inayovuta wati 600 inazimaliza kwa sehemu ya 45 ya sekunde. Aangalie kwanza nguzo za batri kama zina kutu, umri wa batri, kisha waya wa masi kati ya batri na bodi, na ule wa alteneta kwenda kwenye batri. Waya hizo mbili azibadilishe kwa kebo nene. Ataona pia kwamba taa zinafifia zaidi gari likiwa limesimama kwenye foleni ya mzunguko wa Tchukudu kuliko likiwa linatembea, kwa sababu alteneta inatoa kidogo injini ikizunguka polepole. Wewe na wati zako 300 huenda usikutane na hilo kabisa.

Ukishafunga kila kitu, usipandishe geini, kile kitufe cha nguvu kwenye ampli, kwa masikio. Chomoa sabufa. Zima vionjo vyote vya besi kwenye redio na kwenye ampli. Weka kwenye simu au flashi sauti moja ya hezi 50, redio ipandishe hadi robo tatu, multimeta iwe kwenye volti za AC kwenye midomo ya spika ya ampli. Pandisha geini polepole hadi isome 24, simama hapo. Hiyo ndiyo wati 300 kwenye omu 2: zidisha 300 kwa 2, toa kipeuo chake. Kichujio cha chini, kinachopitisha besi tu, kiweke hezi 80. Kisha unga sabufa, piga wimbo unaoujua vizuri, kaa kwenye kiti chako, mtu mwingine abadilishe kile kiswichi cha 0 na 180 kwenye ampli. Upande ambao besi inajaa zaidi, acha hapo.

Kibao cha namba cha nyuma kitaanza kulia siku hiyo hiyo. Kata kandambili ya zamani vipande vinne, vibane nyuma yake kwenye kona.