Wasomaji Wanauliza: Fimbo ya mama, goti la kijana na mtoto ambaye hajatembea

Mama yangu ana miaka 74. Msimu huu wa mvua aliteleza uani akaanguka. Picha ilionyesha mifupa iko salama, lakini sasa anaogopa kutembea, na sisi tumemkataza kazi zote. Kaka amemletea fimbo ndefu ya kuchonga. Tunafanya sawa? – Msomaji, Tukuyu

Poleni sana, na mpeni mama salamu zetu. Kumpa fimbo ni sawa. Kumkalisha kutwa si sawa, na tunaomba mliache leo. Misuli ya mapaja ndiyo inayomwinua mtu kutoka kwenye kiti na kumzuia asidondoke anapojikwaa, nayo hunyauka upesi isipotumika. Akikaa mwezi mzima, atasimama akiwa dhaifu kuliko siku aliyoanguka, na hofu itaongezeka.

Umri si kizuizi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwafanyisha wazee 10 wa miaka 90 hivi mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na kwa 9 waliomaliza nguvu za mapaja zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu 10 ni wachache, kweli, lakini mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89. Waliotembea na kufanya mazoezi ya nguvu na mizani (kusimama bila kuyumba) walipoteza uwezo wa kutembea kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa masomo ya afya tu.

Anzeni na kiti cha mbao chenye kimo cha sentimita 45 hivi, mgongo wake ukiegemea ukuta. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno. Mama akae nusu ya mbele ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asimame. Kukaa ndiko kwenye faida kubwa: ashuke polepole huku akihesabu hadi tatu. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, siku tatu kwa wiki. Wiki zinavyokwenda aongeze mpaka afike 10 bila kusukuma kwa mikono. Akishindwa kuinuka, kunjeni blanketi mliweke juu ya kiti ili kiwe kirefu. Makosa tunayoyaona sana ni mawili: kujitupa kitini, na kubana pumzi wakati wa kuinuka, jambo linalopandisha presha. Ahesabu kwa sauti; anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Baada ya hapo asimame kando ya meza nzito, mtu akiwa karibu naye. Aweke miguu pamoja kwa sekunde 10, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10 tena. Asipoweza hatua hii ya pili bila kushika meza, hatari ya kuanguka bado ni kubwa, kwa hiyo asitoke nje peke yake. Akisikia kizunguzungu anaposimama, apimwe presha na dawa zake ziangaliwe upya. Maumivu ya kifua ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa fimbo. Avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Iliyo ndefu zaidi ya hapo humpandisha bega. Kateni upande wa chini, kidogo kidogo. Aishike mkono ulio kinyume na mguu unaouma, na fimbo itangulie pamoja na mguu huo. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima. Kushuka huanza fimbo na mguu mbovu. Fimbo ya kuchonga haina mpira chini, na kwenye saruji yenye maji inateleza vibaya. Nunueni kofia ya mpira kwenye duka la vifaa tiba, au fundi viatu apigilie kipande cha tairi chenye meno. Meno yakilainika, badilisheni.

Kwa mvua za Tukuyu, kandambili ziishie chumbani. Mama avae kiatu kinachobana kisigino, soli yenye meno. Njia ya kwenda chooni imwagiwe changarawe, iwekewe mti wa kushikilia upande mmoja na taa ya usiku.

Mwanangu wa miaka 13 anacheza mpira shuleni. Ana uvimbe mgumu chini ya goti na unauma akiruka. Mimi nataka aache mpira. Kocha anataka akimbie ngazi za uwanja "lizoee". – Baba, Iringa

Ndugu yetu, wote wawili punguzeni. Kwa maelezo yako, huenda ni Osgood-Schlatter: kano ya goti inavuta sehemu ya mfupa wa muundi ambayo bado inakua. Huwapata sana watoto wanaorefuka haraka huku wakicheza. Kwa kawaida huisha ukuaji unapokamilika, ingawa uvimbe unaweza kubaki.

Ngazi, kuruka na kukimbia mteremkoni visimame kwa sasa. Kucheza kwa wepesi kunaruhusiwa iwapo maumivu hayazidi 3 kati ya 10 na asubuhi inayofuata yametulia. Jioni aegemee ukuta kwa mgongo, akunje magoti kidogo tu, akae hivyo sekunde 30, mara 5. Barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10 inatosha.

Mpelekeni hospitali ikiwa goti linakwama, maumivu yanamwamsha usiku, ana homa au anachechemea. Daktari amkague na nyonga, kwa sababu katika umri huu nyonga iliyoteguka polepole hulalamika gotini, na hiyo haisubiri.

Kocha tunamwomba aanze kila zoezi na mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+, dakika 20 bila kifaa zaidi ya mpira. Mwaka 2008 ulijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa Norway wenye miaka 13 hadi 17, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu.

Mwanangu ana miezi 13, hajatembea. Mama mkwe amenunua kigari cha magurudumu cha kumfundishia. Nimweke? – Mama, Uyole

Hapana, dada, na mama mkwe aelezwe kwa heshima, maana nia yake ni njema. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi tano, Ghana ikiwamo, na wenye afya walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Mwanao hajachelewa. Kigari humfanya asukume kwa ncha za vidole bila kujifunza mizani, tena humfikisha kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Mweke chini kwenye mkeka, kando ya benchi imara analoweza kushika na kutembea pembeni. Baridi ya Juni na Julai tunaijua: mvalishe suruali nzito, lakini soksi tupu kwenye saruji zinateleza. Peku mkekani ni bora. Akifika miezi 18 bila kutembea, au miguu ikiwa migumu, au akitumia upande mmoja tu, nenda kliniki uulizie mtaalamu wa fiziotherapia.

Kamwene. Nina miaka 45, nalima viazi kwenye mteremko. Nahitaji mazoezi mengine? – Mkulima, Njombe

Kamwene. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Msimu wa jembe umezipita. Tatizo ni miezi baada ya mavuno: hapo panga matembezi ya kupanda kilima, nusu saa, siku tano, na siku mbili za kuchuchumaa na kusukuma mwili ukutani. Gunia lisibebwe begani lilelile kila safari.