Sungura mgeni nyumbani: mpe utulivu, mpe banda kavu

Watu wakishanunua sungura swali la kwanza kunitumia huwa ni hilo hilo, "kaka nimpe nini ale?" Na mimi huwa nauliza, kule alikotoka alikuwa anakula nini? Hilo muulize muuzaji kabla hujatoa hela, na ikiwezekana akufungie kabisa chakula kidogo uondoke nacho, maana tumbo la sungura halitaki kubadilishiwa ghafla. Kama kazoea pumba na ukoka mkavu afu leo unamwekea fungu zima la mchicha na kabichi, kesho unamkuta tumbo limejaa gesi au anaharisha, na sungura hawezi kutapika, kikishaingia kimeingia. Kwa hiyo mpe alichozoea, majani makavu yawepo muda wote, na kile kipya uwe unachanganya kidogo kidogo kama siku saba mpaka kumi hivi ndo ahamie. Majani mabichi yaanike kivulini yanyauke kwanza, yenye umande achana nayo. Ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo usimpe hata kidogo, ni sumu kwake.

Ila kiukweli chakula ndo sehemu rahisi. Sungura wengi wageni wanafia kwenye banda ambalo mwenyewe anaapa ni safi.

Jamani, usafi wa sungura ni ukavu. Banda linaweza kunukia jiki tangu asubuhi na bado likamuua, kwa sababu adui mkubwa hapo ni koksidia, vile vimelea vya kwenye utumbo na ini. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yakikuta unyevu na joto yanakomaa ndani ya siku moja mpaka tatu, sungura akila majani yaliyogusa sakafu ndo anayameza. Na jiki haiyaui mayai hayo! Kinachoyaua ni maji yanayochemka, moto, na kukauka vizuri. Sasa fikiria Dar kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, nguo zenyewe hazikauki, banda la mbao lililoloa mkojo litakauka saa ngapi? Ndo maana nasema toa kinyesi kila siku, usisubiri wikiendi, ukikitoa kila siku mayai hayapati muda wa kukomaa. Majani weka kwenye kihori au funga yaning'inie, usimwage chini. Maji weka kwenye bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua.

Hebu siku ya pili au ya tatu inama uangalie banda kwa karibu. Utaona kuna kona moja kaichagua ya kukojolea, hapo ndo pa kuweka beseni lenye maranda, atalizoea haraka. Mkojo wake mzito, ukikauka unaacha ukoko mweupe, ile ni kalsiamu, sabuni haiutoi, mwagia siki uache kidogo afu sugua na brashi utabanduka. Angalia pia pale wavu unapokutana na mbao, manyoya na kinyesi vinanasa hapo na fagio halifiki, chukua kijiti utoe. Halafu shusha uso wako mpaka usawa wa pua yake, uvute pumzi. Ukisikia macho yanawasha, basi hewa hiyo kaivuta usiku kucha, na mafua ya sungura yakishaingia kuyatoa ni kazi.

Kama sakafu yote ni wavu muwekee kipande cha ubao mkavu apumzishie miguu, nyayo zake hazina kitako kigumu kama cha mbwa, zinachubuka zinatoa vidonda. Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu, siafu hawana huruma hasa na watoto.

Joto nalo. Likipita nyuzi 30 sungura anateseka sana kwa sababu hatoi jasho kama sisi, kwa hiyo kumsafirisha iwe alfajiri au jioni, boksi liwe na matundu, na mchana wa Januari na Februari muwekee chupa ya maji ya barafu ailalie.

Akifika muweke ndani ya banda, muwekee kiboksi cha kujificha, muache. Watoto wa nyumbani watakuja mbio, "mjomba mbona hatoki?" Waambie mgeni anapumzika, akizoea atatoka mwenyewe. Ukimsikia anapiga mguu wa nyuma chini, tu! tu!, ana hofu, kuna paka au mbwa kapita au kuna kelele. Na usimnyanyue kwa masikio, shika kifuani na mkono wa pili ubebe makalio, akirusha miguu hewani anaweza kujivunja mgongo.

Kila asubuhi angalia vitu viwili, kala? kanya? Kinyesi kizuri ni vidonge vya mviringo, vikavu, ukubwa wa mbaazi. Ukimuona anainama anakula kinyesi laini moja kwa moja toka nyuma usishtuke, ndo anavyopata vitamini na protini zake. Ila akipitisha nusu siku bila kula wala kunya usisubiri kesho, mpigie bwana mifugo. Na hapa nawaomba sana ndugu zangu, usifungue kapsuli ya amoksilini ya kwako umpe, inaua vijidudu vizuri vya tumboni na sungura anakufa kwa kuharisha, watu wanapoteza sungura wazima kabisa kwa dawa waliyotoa kabatini kwa nia njema.

Kama una sungura wengine, mgeni akae mbali nao walau wiki mbili, mwezi ni bora zaidi, mhudumie wa mwisho na unawe mikono. Muda huo mchungulie masikioni, ukiona magamba ya kahawia na anatikisa kichwa, huo ni ukurutu, utibu kwanza. Na kabla hujawaweka pamoja mwombe mzoefu akuhakikishie jinsia, wauzaji wanakosea sana kwa wadogo, na jike akipandwa ni kama siku 31 tu anazaa, utahitaji banda lingine.