Eyam: usiishie kanisani

Ndugu yangu, umeuliza kama parokia ya Eyam, kule Derbyshire, Uingereza, ina cha kutazama zaidi ya kanisa lake. Inacho, ila uwe tayari kutembea.

Tauni iliingia mwaka 1665. Husimuliwa kuwa viroboto walikuja na robota la vitambaa kutoka London. Juni 1666 kasisi William Mompesson, pamoja na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakaambukiza vijiji jirani. Wakakubali! Kanisa likafungwa, ibada zikahamia bondeni Cucklet Delf.

Anzia kwenye jiwe la mpakani. Lina vishimo ambamo wanakijiji walitia sarafu za malipo pamoja na siki, waliyoamini huondoa maambukizi, nao watu wa nje wakawaachia chakula. Kisha nenda makaburi ya Riley. Huko Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilisimama pale kitambo kirefu, neno halikunitoka.

Ukirudi, uani mwa kanisa kuna msalaba wa mawe wa karne ya 8, na karibu yake kaburi la Catherine, mke wa Mompesson. Naye tauni haikumwacha.