Kipandikizi kinazunguka bure kwenye mfupa laini: ichunguze drili yako ya mwisho

Swali: Shikamoo, daktari. Mimi ni daktari wa meno, nina mwaka mmoja tangu nianze kupandikiza. Wiki iliyopita niliweka kipandikizi (skrubu inayokazwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia) cha upana wa milimita 4.3 mahali pa gego la kwanza la juu. Nilipitisha drili zote kwa mpangilio, kutoka nyembamba hadi ya mwisho iliyo nene kuliko zote, lakini nilipokikaza kikawa kinazunguka tu, hakishiki. Nikakifunika kwa ufizi na kushona. Nilikosea wapi? Na hizi drili zinazozungushwa kinyume zinasaidia kweli?

Jibu: Marahaba, daktari. Kukifunika ulifanya jambo la busara. Kama kilizunguka lakini hakikuyumba kiliposukumwa pembeni, bado kinaweza kushikana na mfupa, mradi kisibebe mzigo wowote. Usikifunue mapema kwa hamu ya kukijaribu. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyempandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, aliweka utaratibu wa kusubiri takriban miezi 6 kwa taya la juu. Mpe mgonjwa wako muda huo wote.

Sasa kosa. Nyuma ya taya la juu ganda la mfupa ni jembamba na ndani ni sifongo. Lekholm na Zarb, mwaka 1985, waliugawa mfupa wa taya katika aina 4, na hapo ndipo aina ya 4, iliyo laini kuliko zote, hukutwa mara nyingi. Siku ya kwanza kipandikizi hakishikwi na kingine chochote ila kubanwa na kuta za tundu, maana mfupa mpya bado haujaota. Wewe ulizikwangua kuta hizo mpaka mwisho, ukabakiwa na tundu lisilobana.

Uamuzi hufanywa mapema, kwa drili ya milimita 2. Sikiliza mkono wako. Ikisita kidogo kwenye ganda, kisha ikazama kama iliyokosa cha kukata, mfupa umeshakueleza ulivyo. Itoe uitazame mifereji yake: mfupa mgumu huijaza unga mzito mweupe, ila ule laini huacha damu na vipande vichache. Ukiona hivyo, acha drili ya mwisho, pengine hata inayoitangulia. Kwa kipandikizi cha 4.3 unaweza kuishia kwenye 3.5 au pungufu, ukakiacha kijikatie njia kwa meno yake ya skrubu, hasa kama kimechongoka kuelekea nchani. Mdomo wa tundu usiupanue kabisa, kwa sababu ganda lile jembamba ndilo mshiko wako mkubwa. Tena ingia na kutoka kwa mstari mmoja. Nimeona matundu mengi yaliyoharibiwa na mkono unaoyumba wakati wa kutoa drili: mdomo unakuwa wa yai, na kipandikizi cha duara hakiwezi kuushika.

Kuhusu drili za kinyume: ndiyo, zinasaidia, na kwa mfupa kama huo ningekushauri ujifunze kuzitumia. Njia hiyo ililetwa na Salah Huwais. Drili inapozunguka kinyume cha saa, kwa mizunguko 800 hadi 1500 kwa dakika na maji tele, haikati. Inaubana mfupa pembeni na kusindilia chembe zake ukutani. Mfupa uliobanwa hujirudi kidogo, kwa hiyo usikae na tundu wazi. Weka kipandikizi mara moja. Kabla ya njia hiyo tulitumia vyuma vya kugonga kwa nyundo, alivyovieleza Summers mwaka 1994. Navyo vinafanya kazi, lakini mgonjwa anasikia kila pigo kichwani, na wapo wanaopata kizunguzungu baadaye.

Nakuomba sana usiipeleke mbinu hii ya kuubana mfupa kwenye taya la chini mbele, penye mfupa mgumu. Kule kubana kupita kiasi kunakatiza damu na mfupa unakufa, hata kama siku ile umefurahia jinsi kilivyokaza. Kule adui ni joto. Eriksson na Albrektsson walionyesha kwa sungura, mwaka 1983, kwamba nyuzijoto 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuudhuru mfupa. Tumia drili kali, usikandamize, inua na kushusha ili maji ya chumvi yafike chini, na ongeza upana hatua kwa hatua.

Jambo jingine linalosahaulika: hata kipandikizi kilichokaza vizuri hulegea kidogo katika wiki za mwanzo, kwa kuwa mfupa wa zamani unaliwa kabla mpya haujakomaa. Ndiyo maana wengi hawaweki jino la muda siku hiyohiyo kama kipandikizi hakikufikia nyutoni-sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) wakati wa kukaza.

Kabla ya mgonjwa mwingine, tafuta mbavu za ng'ombe. Toboa matundu mawili jirani, moja kwa drili zote na jingine ukiishia moja nyuma, kisha kaza kipandikizi kilekile kwa mkono katika kila tundu. Tofauti utaisikia kwenye vidole.