Ami wa Dadu Anajibu: Wafalme Wote Hawa wa Kazi Gani?

*Salaam Ami. Sisi ni vijana wanne wa Kisauni, tunataka kuanza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, na mimi ndiye nitakayesimamia mchezo. Nimeandika ulimwengu wetu wa pwani: enzi tatu za wafalme, vita, ramani. Nimefika kurasa arubaini na wenzangu hawajasoma hata mbili. Binamu yangu anakuja kutoka Dubai. Nimwambie aniletee kitabu cha ulimwengu wa Forgotten Realms, au niendelee na wangu? — Msimulizi, Kisauni*

Waalaikum salaam, mwanangu. Wenzako usiwalaumu. Hata mimi, ukinikabidhi nasaba ya masultani wa kubuni usiku nimetoka kazini, nitasinzia kabla ya mfalme wa tatu kuvikwa kilemba.

Binamu mwambie alete dadu. Seti mbili, kila moja ina dadu saba, na haziongezi uzito wa mzigo. Kitabu kiache huko huko. Forgotten Realms aliibuni Ed Greenwood wa Kanada tangu yu mtoto, kabla mchezo wenyewe haujatoka mwaka 1974, na ikaanza kuuzwa kama ulimwengu wa mchezo mwaka 1987. Vitabu vilivyoandikwa tangu hapo ni shehena. Utajifunza majina ya miji ya watu, na kurasa zako zitazidi kurefuka.

Mtazame Gary Gygax, mmoja wa wawili waliotunga mchezo. Ulimwengu wake wa Greyhawk ulianza na mahandaki chini ya ngome moja. Mji ukafuata kwa sababu wachezaji walihitaji pa kurudi. Kijitabu na ramani ya nchi nzima vilichapishwa mwaka 1980, watu wameshacheza miaka.

Mimi kitabu cha mwongozo nakipima hivi: nafungua ukurasa wowote, nauliza mchezaji atafanya nini nao leo usiku. Al-Qadim ya mwaka 1992, ulimwengu mwingine wa mchezo huu, iliyotungwa kwa sura ya hadithi za Kiarabu, ina desturi ya chumvi: ukishakula chumvi ya mwenyeji, kuna wajibu baina yenu. Hiyo inachezeka. Adui yako anakukaribisha chakula, utakula? Meza nzima itabishana. Enzi ya pili ya wafalme wako haitabishaniwa na mtu.

Nawe uko Mombasa, jamani! Chukua pepo. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi inayarudisha. Nahodha aliyechelewa kuuza shehena pepo zikageuka, amekwama hapa miezi, ana madeni, na mabaharia wake wanazurura Mji wa Kale. Hapo una saa inayohesabu bila wewe kusema neno. Chukua Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Tisa Taifa upande huu, Thalatha Taifa upande ule, kila upande na tamimu wake, yaani kiongozi. Badilisha majina, kisha wape wote wawili sababu ya kuwakodi wachezaji wako kwa kazi ile ile.

Au chukua Fort Jesus ilipozingirwa na Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani njaa na maradhi. Nje, meli ya Wareno Santo António de Tanná iliyokuja kusaidia inazama mwaka 1697. Kikao cha kwanza: usiku, maji yanakupwa, kuna mtu ndani ya ngome lazima atolewe. Andika ukurasa mmoja tu. Mlinzi mmoja mwenye jina na tamaa anatosha.

Kurasa zako arubaini usizitupe. Mchezaji akiuliza "hii ngome aliijenga nani?", jibu utakuwa nalo.

Kanuni zenyewe hazitakugharimu kitu. Tangu Januari 2023 msingi wa kanuni za toleo la tano la mchezo umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons: unaweza kuutafsiri kwa Kiswahili, hata kuuza pwani yako iliyojengwa juu yake, mradi utaje ulikoutoa. Forgotten Realms haimo katika ruhusa hiyo.

*Ami, mwanangu ana kitabu cha mchezo huo, kina picha za mashetani wenye pembe. Jirani asema ni uchawi. Nikichome? — Mama, Majengo*

Usichome, dada, ni ghali! Marekani hofu hiyo ilivuma miaka ya 1980, hata toleo la mwaka 1989 likaondoa maneno ya mashetani, baadaye yakarudi. Mezani hakuna dua wala kafara. Kijana akisema "napiga uchawi", anarusha dadu na kujumlisha. Ikiwa picha zakukera, ni nyumba yako: mwambie mashetani hayachezwi hapa. Msimamizi ana ruhusa ya kuyaondoa, aweke maharamia na mamba, na mchezo hautapungua. La kumbana nalo ni muda. Kikao kimoja hula saa tatu, nne, kwa hivyo kubalianeni saa ya kufunga kabla dadu ya kwanza haijarushwa.