Maswali yenu: Wawelisi na mwaka 1588

Katika safu iliyopita niligusia kwamba mwaka 1588 Wawelisi, watu wa Welisi (Wales) iliyo magharibi mwa Uingereza, walipata Biblia nzima kwa lugha yao, Kiwelisi, kwa tafsiri ya kasisi William Morgan. Maswali yamemiminika, haya ndiyo yaliyojirudia.

*Si ndio mwaka ambao manowari za Hispania zilikuja kuivamia Uingereza?*

Ndio huo huo. Welisi ina pwani ndefu inayoelekea Ireland, na London ilihofia watu wake wangerudi kwenye Ukatoliki, dini ya Wahispania, maana ibada mpya ya Kiprotestanti ilikuwa kwa Kiingereza na wengi wao hawakuielewa hata kidogo. Septemba ya mwaka ule, Baraza la Malkia Elizabeth I likawaandikia maaskofu wa Welisi kwamba kitabu kiko tayari, parokia zikinunue kabla ya Krismasi.

*Serikali iliyokifukuza Kiwelisi mahakamani mwaka 1536, ikoje tena iagize Biblia ya Kiwelisi?*

Msidhani iliingiwa na huruma. Sheria ya Henry VIII ilimnyima cheo Mwelisi asiyetumia Kiingereza, na wakati huo ilikuwa haijafutwa. Mwaka 1563 Bunge la Elizabeth I liliwapa maaskofu watano hadi tarehe 1 Machi 1567 wawe wamesimamia tafsiri. Sheria hiyo hiyo iliagiza Biblia ya Kiingereza nayo iwekwe kanisani, kando ya ile ya Kiwelisi, ili watu wazilinganishe na hatimaye wajue Kiingereza! Binafsi sijaona mpango wa lugha uliomgeukia mwenyewe namna hii. Siku ilipofika, Agano la Kale halikuwepo. Mwaka 1567 lilitoka Agano Jipya tu, na kitabu cha sala.

*William Morgan alikuwa nani hasa?*

Mtoto wa mkulima mpangaji, aliyezaliwa yapata mwaka 1545 huko Tŷ Mawr Wybrnant, bonde la kaskazini lililojificha milimani. Alisoma Cambridge, akajifunza Kiebrania na Kigiriki, na mwaka 1578 akawa kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Msimfikirie mtawa mpole aliyejifungia na kalamu. Aligombana na baadhi ya wakubwa wa pale mpaka wakafikishana mahakamani, na moja ya mashtaka dhidi yake ni kwamba alikuwa akitembea na bastola chini ya kanzu. Ndani ya vurugu hizo ndimo alimotafsiri.

Kazi haikuishia kwenye kutafsiri. Wachapaji wa London hawakujua Kiwelisi, kwa hiyo alihamia huko kusahihisha kurasa moja moja, akikaribishwa na Gabriel Goodman, mkuu wa kanisa la Westminster, naye Mwelisi wa Ruthin. Agano Jipya la mwaka 1567, kazi kubwa ya William Salesbury, alilipitia upya. Salesbury alipenda kuandika maneno yafanane na Kilatini, na msomaji akiwa mimbarani alikwama. Morgan alichagua tahajia inayosomeka.

*Mtu wa kawaida aliweza kuinunua?*

Hapana. Lilikuwa buku la kanisani. Watu walilisikia likisomwa. Toleo dogo la bei nafuu, shilingi tano, lilikuja mwaka 1630.

*Bila Biblia hiyo, Kiwelisi kingekufa?*

Wengi husema hivyo. Mimi nakubali nusu. Kikornishi, lugha ndugu ng'ambo ya bahari, hakikupata Biblia, na karne ya 18 haikuisha kabla hakijatoweka midomoni mwa watu. Lakini Waairishi walipata Biblia nzima mwaka 1685, na lugha yao ilirudi nyuma vilevile. Wawelisi walikuwa na washairi wao wa kale, ambao Morgan alichota kwao Kiwelisi fasaha, na baadaye wakapata shule. Kuanzia miaka ya 1730 kasisi Griffith Jones wa Llanddowror alieneza shule za kuhamahama: mwalimu anakaa parokiani miezi michache, hasa ya baridi, kazi za shamba zikipungua, anawafundisha watoto na wazee kusoma Biblia kwa Kiwelisi, kisha anahamia parokia nyingine.